Vilima vya Ikulu na Mizani ya Karani

Hapa Lubumbashi hatuna vilima vingi vya kujivunia. Kilima ambacho kila mtoto wa mji huu anakijua ni kile cheusi kilicho kando ya dohani ya Gécamines, nacho hakikuumbwa pamoja na nchi kavu: kilirundikwa na mikono ya watu kwa mabaki ya shaba iliyoyeyushwa. Juu yake hakuna nyumba ya mfalme. Habari za wafalme sisi tulizisikia kutoka Bunkeya, makao makuu ya Msiri, aliyeitawala Garenganze mpaka tarehe 20 Desemba 1891, siku alipopigwa risasi na ofisa wa msafara wa Wazungu. Kwa hiyo nilikuwa mtu mzima tayari nilipoona kwa mara ya kwanza ikulu zilizojengwa juu ya vilima. Ninataka kuwasimulia asubuhi hiyo, kwa sababu ilinigharimu kazi yangu, nami sijutii.

Mwezi wa Juni 2019 nilikwenda hija Namugongo, nchini Uganda, pamoja na waamini wa parokia yetu. Tulisafiri kwa basi siku kadhaa, tukapita Kasumbalesa, Zambia na Tanzania, mpaka tukavuka mpaka wa Mutukula. Nilikuwa na binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na sita. Yeye amelelewa katika Kizito-Anuarite, kama mimi nilivyolelewa humo kabla yake. Jina la Kizito alilitamka kabla ya kujua kusoma. Tulisali Misa ya tarehe 3 katikati ya umati ambao sijapata kuuona mfano wake. Jioni yake binti yangu akaniambia: «Baba, hapa tumeona mahali alipokufa. Lakini aliishi wapi?»

Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye, wenzetu walipokuwa wakipumzika na kununua vitenge, nilikodi gari dogo na dereva ambaye pia alikuwa kiongozi wa wageni. Alikuwa Mganda wa makamo, na Kiswahili chake alikipata barabarani, alipokuwa akiendesha malori hadi Mombasa. Tulipatana kwa nusu siku. Kabla ya kuwasha gari aliniambia: «Mzee, nitawaonyesha vilima vinne. Kote huko wafalme walikaa. Muangalie kila ikulu imegeuka nini.»

Tulianzia Kasubi. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 nyumba yake ikawa kaburi lake. Warithi wake watatu nao wamelazwa humo. Ni nyumba ya mviringo yenye paa kubwa la nyasi linaloshuka karibu kugusa ardhi, na paa hilo hubebwa na pete hamsini na mbili, kwa hesabu ya koo za Buganda. Moto uliiteketeza usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na tulipofika sisi kazi ya kuijenga upya ilikuwa bado inaendelea. Kiongozi alituambia kwamba Waganda hawasemi Kabaka amekufa. Husema ametoweka, ameingia msituni. Na msitu huo umefichwa nyuma ya pazia la magome ya mti.

Binti yangu aliuliza kwa sauti ya chini: «Baba, Mwanga naye yumo humu?»

Yumo. Mwanga wa Pili, aliyewaua mashahidi, alikamatwa na Waingereza mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa nyumbani mwaka 1910. Kabla ya kufa alibatizwa, akaitwa Danieri. Nilimtazama binti yangu akisimama mbele ya nyumba ile bila viatu, kichwa ameinamisha, na nikaona kwamba alikuwa akimwombea. Mimi sikuwa nimefikiri kufanya hivyo.

Kutoka Kasubi tulielekea Rubaga. Hapo pia palikuwa na ikulu ya Muteesa, kabla hajahamia kwingine, maana zamani hizo makao makuu yalihama kilima hadi kilima. Mfalme alichagua kilima ili aone mbali, apate hewa safi, na kila mtu aliye bondeni ainue macho anapotaka kujua mkubwa ni nani. Leo juu ya Rubaga limesimama kanisa kuu la jimbo kuu la Kampala, la matofali, lenye minara miwili, lililokamilika mwaka 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu kupewa uaskofu katika Kanisa Katoliki.

Kilichonishangaza ni namna kilima hicho kilivyofika mikononi mwa mapadri. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Mwaka uliofuata alirudi kwenye kiti chake, na miongoni mwa waliompigania arudi walikuwa wakristu, ndugu na rafiki za wale aliowachoma moto miaka mitatu tu nyuma yake. Ndipo akawapa Mapadri Weupe kilima cha Rubaga. Nilirudia kumwuliza kiongozi, nikidhani sikuelewa. «Umeelewa vizuri, mzee,» akasema. «Walimtumikia tena.»

Neno hilo, kutumikia, lilinifuata garini. Tulipokuwa tukiteremka, kiongozi alituonyesha kwa mbali upande wa Nakivubo, kwenye soko kubwa ambalo watu huliita Owino. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa huko bondeni tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi wakatoliki wa Uganda. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme, mtu aliyeweza kumwendea Kabaka saa yoyote. Alipewa kila kitu ambacho kijana wa zama zake angeweza kutamani. Lakini Mwanga alipoagiza Askofu Hannington auawe, yeye alimwambia bwana wake wazi kwamba lile lilikuwa kosa. Kumbukeni, vijana: Hannington alikuwa Mwanglikana. Balikuddembe alipoteza maisha yake kwa kumtetea mtu asiyesali naye katika kanisa moja.

Tulipanda sasa kilima cha Mengo. Ikulu ya Mengo, iliyoanzishwa na Mwanga mwaka 1885, ingali ikulu mpaka leo. Kutoka jengo la Bulange, panapokutana baraza la Buganda, barabara imenyooka moja kwa moja hadi lango la Kabaka. Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wa magari, na mzunguko huo umepasuliwa kwa njia yenye malango yaliyofungwa. Kiongozi alitueleza kwamba malango hayo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake, kwa sababu mfalme hazunguki, hupita katikati. Sisi tulizunguka, kama watu wote.

Ndani ya ua wa ikulu wageni hawaingii katika nyumba ya mfalme. Huonyeshwa bustani, kisha huteremshwa nyuma ya kilima, mahali ambapo sikutarajia kumpeleka mtoto wangu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali liliishambulia ikulu hiyo. Kabaka Muteesa wa Pili aliponyoka, akafia London mwaka 1969, na falme zikafutwa mwaka 1967 mpaka ziliporudishwa mwaka 1993. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, ndani ya kilima kile kile yalichimbwa mahandaki ya zege. Yalikusudiwa kuwa ghala la silaha, yakawa gereza. Tulisimama kwenye mlango wa handaki refu, lenye giza, lenye maji sakafuni. Tuliambiwa kwamba maji hayo yalitiwa umeme ili mtu asiweze kutoroka. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya makaa. Wengi walioingizwa humo hawakutoka.

Binti yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mimi, katika umri wangu wote, nisingeliuliza.

«Baba, walipoletwa hapa, si kulikuwa na mtu wa kuandika majina yao?»

Kiongozi alisema bila shaka alikuwepo.

«Karani,» akasema mwanangu. «Kama wewe.»

Hakusema kwa ubaya. Alijua tu kwamba baba yake ni karani, kwamba huandika majina na hesabu katika daftari, na kwamba mshahara huo ndio unaomlipia shule. Lakini miguu yangu ililegea. Sasa nawaeleza kwa nini.

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa mizani katika ghala moja linalonunua mawe ya shaba kutoka kwa wachimbaji wadogo, kandokando ya barabara ya Likasi. Wengi wenu mnawajua wachimbaji hao. Ni kaka zenu na wajomba zenu. Mtu huchimba kwa siku kadhaa, hubeba magunia, huyaleta ghalani. Malipo yake hutegemea mambo mawili: uzito wa mzigo, na kiwango cha shaba kilichomo ndani ya jiwe, ambacho hupimwa kwa mashine ndogo ya mkono. Mchimbaji haruhusiwi kuisoma mashine hiyo. Karani ndiye huisoma, na karani ndiye huandika. Kisha hukatwa kiasi fulani kwa sababu ya unyevu wa mzigo, na kiasi hicho pia huandikwa na karani. Mkubwa wetu hakuniagiza kamwe kuiba. Aliniambia tu, siku ya kwanza, kwamba katika nyumba hii mvua hunyesha hata wakati wa kiangazi. Nilimwelewa. Nikaandika unyevu mwezi wa Agosti, vumbi likitimka.

Nilijiambia kwamba mimi siamui bei. Nilijiambia kwamba nikikataa ataletwa mwingine atakayeandika vibaya zaidi. Kila Jumapili nilipeleka zaka yangu kanisani, na hesabu ya zaka nilikuwa mwangalifu nayo sana. Kuna mchimbaji mmoja, mtu mzima aliyekatika vidole viwili vya mkono wa kushoto, ambaye kila mara alisimama mbele ya meza yangu baada ya kupewa karatasi na kuniuliza: «Karani, hesabu ni hiyo kweli?» Nami nilimjibu: «Ni hiyo, baba.» Nilimwita baba.

Haya yote yalinirudia pale mlangoni pa handaki. Wale waliojenga handaki walikuwa watu wa kutisha, na ni rahisi kujitenga nao. Lakini yule karani sikuweza kujitenga naye. Nilijua hata namna anavyoshika kalamu.

Kilima cha mwisho kilikuwa Munyonyo, kusini, karibu na ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 1886 moto uliunguza ikulu ya Mengo, na Mwanga akahamia huko. Ndiyo maana hukumu ilitolewa Munyonyo. Kilima chenyewe ni kifupi. Mgeni asiyeambiwa angepita bila kukitambua. Hakuna kuta za kale, kwa sababu ua wa ikulu ulikuwa wa matete. Papa Fransisko alifika hapo tarehe 27 Novemba 2015 akawasalimu makatekista na walimu.

Hapo ndipo binti yangu alipopata jibu la swali lake la kwanza. Kizito aliishi katika ikulu. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, mmoja wa vijana waliotumwa na jamaa zao kulelewa katika nyumba ya mfalme, kubeba, kufagia, kupeleka habari, na kujifunza mambo ya utawala. Kwa kijana wa wakati ule, hiyo ndiyo ilikuwa shule bora na kazi bora kwa pamoja. Ukimpendeza mfalme, kesho unakuwa chifu. Karoli Lwanga, aliyewaongoza baada ya kifo cha Balikuddembe, hakuwafundisha wavivu au waasi. Walifanya kazi yao vizuri. Walimtii mfalme katika kila jambo, isipokuwa lile moja ambalo mfalme hana haki ya kuliomba: alipowataka miili yao kwa uchafu, na alipowataka waache kusali.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni, Kizito akiwa mmoja wao. Asubuhi waliitwa mbele ya Mwanga, akaamuru wanaosali wajitenge, wasimame kando ya uzio. Husimuliwa kwamba Karoli alitangulia akiwa amemshika Kizito mkono. Kutoka hapo walianza safari ya miguu kwenda Namugongo, ambako wengi wao walichomwa tarehe 3 Juni.

«Hawakuweza kunyamaza tu?» binti yangu aliuliza. «Wangebaki walipo, wangesali moyoni.»

Aliniangalia mimi, lakini aliyejibu ni kiongozi wetu. «Wapo walionyamaza, binti,» akasema. «Waliishi.» Kisha akaenda kuligeuza gari.

Vijana wapendwa, nisingependa mfikiri kwamba nilishuka kilimani nikiwa mtu mpya. Safari yote ya kurudi nilitafuta njia ya kuzunguka. Niliporudi Lubumbashi nilikwenda kuungama, nikidhani jambo litaishia kitubioni. Padri alinipa maondoleo, akaniambia kwamba huruma ya Mungu hainunuliwi. Kisha akanikumbusha ahadi ya Zakayo ya kurudisha mara nne, na jinsi nabii Amosi alivyowakemea wanaopunguza vipimo. Akaniuliza kesho nitaandika nini.

Kesho yake niliandika uzito uliokuwa kwenye mizani, na kiwango kilichokuwa kwenye mashine. Siku ya tatu mkubwa aliniita, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza kwa heshima kwamba nitaendelea kumtumikia katika kila kazi, ila mvua ya kiangazi sitaiandika tena. Hakunikaripia. Baada ya majuma matatu niliambiwa kwamba nafasi yangu imefutwa. Sikuchomwa moto, sikufungwa. Nilipoteza mshahara tu. Nami nilikuwa nimechelewa miaka sita. Msiniite shahidi.

Binti yangu alikosa shule mwaka huo. Nililazimika kumweleza sababu, nikamweleza yote. Nilitumaini, nakiri, kwamba angenisifu. Aliniuliza: «Kwa hiyo hata safari yetu ya Namugongo ilitoka kwa watu wale?» Nikajibu: «Ndiyo, mwanangu.» Aliondoka barazani, na kwa siku nyingi hakuongea nami ila kwa salamu. Baadaye alirudi shuleni, kwa msaada wa mjomba wake, akamaliza. Mimi sasa ninashika hesabu katika mashine ya kusaga mahindi, kwa pato dogo kuliko la kwanza.

Yule mchimbaji wa vidole vitatu nilimtafuta karibu mwaka mzima. Nilikutana naye kwa bahati katika soko la Kenya. Nikamwomba msamaha, nikamwahidi kumrudishia kidogo kidogo, nami nafanya hivyo hadi leo, ingawa wengine sitawaona kamwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo. «Karani, sisi tulijua,» akasema. «Tulikuwa tunapima magunia kwanza sokoni. Nilikuwa nakuuliza ili nione kama siku moja utachoka kunijibu.»

Wengi wenu karibuni mtatafuta kazi. Katika jimbo letu, ikulu za leo ni makampuni, ofisi, vituo vya mpakani, maghala. Siwaambii msipande kwenda huko. Mashahidi wetu walikuwa wafanyakazi wa ikulu, na mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007, alikuwa mfanyakazi wa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili wali ulioharibika usiuzwe kwa maskini. Ikulu inahitaji watumishi waaminifu kuliko inavyohitaji watu wa kuilaani kutoka bondeni. Mtumikieni mkubwa wenu vizuri. Lakini jueni mapema, kabla ya siku ya kwanza, ni neno gani hamtaliandika. Mkingoja mpaka mkae mezani na kalamu mkononi, mtajikuta mmeliandika tayari.

Kwa kutafakari pamoja katika kikundi:

1. Balikuddembe alimtetea mtu asiye wa kanisa lake. Katika mtaa wetu, ni nani anayeonewa ambaye tunanyamaza kwa sababu si mmoja wetu?

2. Ni kazi gani unayoitamani? Katika kazi hiyo, ni jambo gani dogo ambalo watu husema «kila mtu anafanya»?

3. Je, kuna mtu ambaye deni lake unalijua wewe peke yako? Juma hili utaanza kumrudishia nini?